Mpira wa Vitambaa na Mwalimu wa Tuisheni

Mwalimu aliniita mgumba mbele ya watoto, baada ya alasiri, jua bado kali, mimi nimeshika mpira na mkono uko juu tayari kuurusha. Hakunong'ona. Alikuja mpaka katikati ya kiwanja, kanga kaifunga kiunoni kwa fundo la mtu aliyejiandaa, akasema kwa sauti ile ile anayofundishia.

"Sikiliza, fundi. Kama Mungu hakukupa wako, usiwageuze wa wenzio wakawa wako. Mgumba ni mgumba, hata akizungukwa na watoto wa mtaa mzima."

Watoto wakaacha kukimbia. Wengine hawakulijua neno lile, lakini walijua kwamba limetupwa ili liumize, maana mtoto hulijua tusi kabla hajajua maana yake. Na mimi nilikuwa na majibu. Mimi ni mtu wa Maramba, kwetu mwanamke hakosi jibu. Nilikuwa na jibu la mume wake, na la wanafunzi wanaofeli, na la lile gauni la kitenge alilolirudisha mara tatu nilipunguze kiuno wakati kiuno chenyewe ndicho kilichokuwa hakipungui. Yote yalinijia mdomoni kwa pamoja, yakabanana. Nilichosema ni hiki:

"Mwalimu, sogea. Umesimama kwenye njia ya mpira."

Hakusogea. Nikaurusha. Mpira ukapita karibu na sikio lake, ukampiga mtoto aliyekuwa nyuma yake, na yule mtoto akapiga kelele, "Nimetoka!" Watoto wote wakaangua kicheko. Nadhani mwalimu angeweza kunisamehe mengi, lakini kile kicheko hakunisamehe.

Watu wa mtaani wakiisimulia vita hii huanza na kusema kwamba fundi anapenda sana watoto. Si kweli. Sikuwapenda. Nilikuwa nimekaa Ngamiani miaka mingi, nimepanga chumba na baraza, cherehani yangu ikitazama kiwanja kitupu cha ukoo mmoja ambao nusu yao wako Maskati na hawajapatana nani ajenge. Niliachwa na mume kwa sababu hiyo hiyo aliyoitangaza mwalimu, nikajifundisha kuishi na sauti ya cherehani. Nilichotaka kwa watoto wa mtaa ni wapite.

Hawakupita. Wakitoka shule walirudi nyumba zimefungwa, wazazi bado makazini na sokoni. Chuoni, kusoma Kurani, walikuwa wanakwenda baada ya magharibi. Kwa hiyo tangu mchana mpaka jua kuzama walikuwa hawana pa kukaa, na kivuli kizuri kilikuwa barazani kwangu. Walijikunja pale kama paka, vichwa vyote juu ya simu moja iliyopasuka kioo, wakitazama sijui nini, mtu anaanguka, watu wanacheka, mtu mwingine anaanguka. Kutwa. Walikanyaga vitambaa vya wateja. Waliacha maganda ya machungwa chini ya meza. Mmoja alijipangusa pua kwa kipande cha hariri cha bibi harusi.

Siku hiyo ya hariri niliinuka kwenye kiti, nikachukua mfuko wa mabaki ya vitambaa, nikayafunga kwa hasira, nikayakaza kwa uzi wa gunia, nikawarushia.

"Haya, tokeni! Nendeni mkacheze rede huko, mniachie baraza langu."

Wakauokota ule mpira, wakautazama. Msichana mmoja, mjukuu wa bibi anayekaanga bajia kwenye kona yetu, akaniuliza, "Fundi, rede ndiyo nini?"

Nilifikiri ananitania. Nikamwuliza yule wa pembeni, naye hajui. Mtoto wa miaka kumi, mtoto wa pwani, hajui rede! Ilinikasirisha kuliko ile hariri. Nikatoka kwenye kivuli, nikavua kandambili, nikapiga mistari miwili kwenye mchanga kwa kisigino.

"Wawili wanasimama huku na huku, wanarushiana mpira, wanawalenga walio kati. Wewe wa kati unakwepa. Ukipata mwanya, unachota mchanga unaujaza kwenye hii chupa. Ikijaa kabla hujaguswa, umeshinda. Ukiguswa, umetoka, na sitaki ubishi. Nani anaanza?"

Hakuna aliyeanza. Basi nikaingia mimi, mwanamke mzima na gauni langu la nyumbani, nikawaambia wanilenge. Utotoni, kule Maramba, baada ya kupalilia, mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho kutoka kila siku. Mwili haukuwa umesahau. Niliwakwepa mpaka chupa ikajaa, nikaimwaga, nikaijaza tena. Sikumwachia hata mmoja ashinde kwa sababu ni mtoto. Nani aliniachia mimi?

Kesho yake walikuja wengi zaidi. Nikawafundisha kombolela, ile ya kujificha, mmoja analinda kopo na wengine wanavizia walipige teke ili waliokamatwa wawe huru. Nikawashonea kamba ya kuruka kutokana na pindo za mashuka. Niliwagombeza sana, nakiri bila aibu. Niliwaambia wanakimbia kama wazee wa mafao. Niliwaambia macho yao yameoza kwa simu. Walicheka, wakakimbia zaidi. Simu ile iliyopasuka ikawa inakaa juu ya meza yangu mpaka adhana ya magharibi, na mwenyewe akasahau mara mbili kuichukua.

Mjukuu wa bajia ndiye aliyekuwa hatari. Mtoto kimya, mwembamba, shingo ndefu, darasani alikuwa hasikiki. Lakini alirusha kwa mkono wa kushoto, na mpira wa mkono wa kushoto unakuja kutoka upande usioutazamia. Wiki ile ile alinipiga begani nikiwa nimechutama kwenye chupa. Hakushangilia. Alisema tu, "Fundi, toka," akanyoosha kidole. Nikatoka. Nilimchukia dakika nzima, kisha nikaanza kumngojea kila siku kabla sijakata kitambaa chochote cha maana.

Sasa, mwalimu. Mwalimu alikuwa anafundisha katika shule ya kulipia kule Raskazone, na akirudi alasiri alifundisha tuisheni uani kwake, nyumba ya pili kutoka kwangu. Uani palikuwa na mabenchi, ubao, na geti la mabati. Watoto walioingia pale walitoka shule, wakavua sare, wakaenda kukaa tena mpaka jua linazama, wakiimba majibu ya hesabu kwa pamoja. Wazazi walimheshimu. Hata mimi nilimheshimu. Nilimshonea nguo, nilimpelekea pilau la Maulidi, tulisalimiana vizuri.

Lakini kiwanja na ua wake vilitenganishwa na ukuta mmoja tu wa matofali. Mtoto aliyekaa benchi la nyuma alisikia kila kitu. Alisikia mtu akikombolewa, akasikia wenzake wakishangilia, na yeye yuko na sehemu tatu juu ya nne. Benchi la nyuma likaanza kuwa tupu. Kisha la katikati.

Mwalimu alikuja mara ya kwanza kwa adabu, akaketi kwenye kiti cha wateja.

"Fundi, nakuomba jambo la kijirani. Hii michezo yenu haiwezi kusogezwa?"

"Isogezwe wapi?"

"Wakati mwingine. Jumamosi, kwa mfano."

"Jumamosi asubuhi wako chuoni. Mwalimu, hawa watoto wamekaa tangu asubuhi. Matako yao yamechoka."

Hakupenda lile neno. "Wana mtihani wa taifa. Rede haimo kwenye mtihani."

"Na kukaa hakumo kwenye mtihani."

Akatazama cherehani yangu, nyuzi zangu, kitanda changu kilichoonekana kupitia mlangoni. "Wewe hujawahi kumlea mtoto mpaka akafaulu," akasema. "Huelewi."

Angeniambia amechoka, angeniambia ada za wale watoto ndizo zinazomlipia kodi ya nyumba, huenda ningesogeza saa. Sina hakika, lakini huenda. Baada ya neno lile singesogeza hata dakika. Alasiri ile ile niliwapeleka watoto wakacheze chini kabisa ya ukuta wake.

Basi ikawa hivyo. Yeye akipaza sauti ya hesabu, sisi tunapaza ya kombolela. Akaanza kupita nyumba kwa nyumba. Sikusikia alichosema, lakini nilikiona. Mama aliyeniletea kitambaa cha sare akaja kukichukua hakijakatwa, akasema amepata fundi mwingine karibu. Karibu na wapi, nyumba yake iko mkabala na yangu! Mwingine akaniuliza huku akitazama pembeni, "Hivi wewe unapata nini kwa hawa watoto?" Nilimjibu kwamba napata vumbi. Lakini niliijua ile njia, najua inakoelekea. Huku kwetu mwanamke asiye na mtoto akiwapenda watoto wa wengine, watu huanza kuhesabu watoto waliougua homa.

Ndipo ikafika siku ile aliyoniita mgumba kiwanjani. Na baada ya kile kicheko, mwalimu akanunua kufuli.

Kufuli lilikuwa la geti la uani. Mtoto akishaingia tuisheni, geti linafungwa, ufunguo unakaa kwenye pindo la kanga ya mwalimu mpaka masomo yaishe. Aliwaambia wazazi ni kwa usalama. Wengine walimshukuru.

Mjukuu wa bajia alikuwa bado anasoma kwake. Bibi yake alikuwa anamkaangia mwalimu bajia za bure badala ya ada, na mtoto aliujua uzito wa jambo hilo. Siku za kwanza za kufuli alivumilia. Nilikuwa nasikia sauti yake ndogo ndani ya ile sauti ya pamoja, au nilijidanganya kwamba naisikia. Watoto wa uwanjani walimwita kwa kupiga mluzi. Mimi nilimwita pia. Nilipaza sauti makusudi, "Leo hatuna mrushaji wa kushoto, leo tunacheza na vilema!" Nilitaka mwalimu asikie. Ilikuwa raha kumwudhi.

Alasiri moja mvua ilikuwa imenyesha kidogo, ukuta umelowa. Tukiwa katikati ya mchezo nikaona kichwa juu ya ukuta, kisha goti. Nilimtambua kwa shingo. Alikuwa amepanda juu ya benchi, mwalimu kageukia ubao. Watoto wakashangilia. Akasimama juu ya ukuta, akafungua mikono kama anataka kuruka, mguu ukateleza.

Sauti ya mkono kuvunjika si kubwa. Ni kama kijiti. Alianguka upande wetu, akaukalia mkono wake wa kushoto, na hakulia. Aliketi akautazama ulivyopinda mahali pasipopinda.

Nilifika mimi kwanza. Mwalimu alifika nyuma yangu, kwa sababu ilibidi kwanza afungue kufuli, nilisikia ufunguo ukigonga bati mara kadhaa.

"Umemwua mtoto wa watu!" akanipigia kelele.

"Nani aliyefunga geti?"

"Nani aliyemwita?"

Bajaji ilikuwa imesimama kwenye kona kungojea bajia. Tukaingia wote, mtoto kati yetu, kila mmoja kamshika upande wake kama mzigo wa ubishi. Njia nzima ya hospitali tuligombana juu ya kichwa chake. Nilimwambia mbuzi ndiye anayefungiwa. Akaniambia mbuzi angalau ana mwenyewe. Nilimwambia ataenda jela. Akaniambia jela ni yangu, maana mtoto ameangukia uwanja wangu. Dereva akapandisha redio. Tulipanda sauti kupita redio.

Mtoto akasema, "Nyamazeni. Mkono unauma."

Hakusema kwa kulia. Alisema kama alivyoniambia "Fundi, toka." Tukanyamaza. Mwalimu akageuza uso akatazama maduka, mimi nikatazama upande wangu, na hivyo ndivyo tulivyofika.

Wakamfunga hogo la plasta mkono mzima, jeupe, zito kuliko yeye. Bibi yake akaja na harufu ya mafuta ya kukaangia kwenye nguo, unga wa dengu umekauka vidoleni. Nikasema, "Shikamoo bibi." Mwalimu naye akasema, "Shikamoo bibi." Hakujibu. Alitupita sote wawili. Mtu wa mjini anaweza kulichukulia kama jambo dogo, lakini mimi tangu nizaliwe sikuwahi kuamkia mtu mzima akaniacha na shikamoo yangu hewani. Nilitamani anitukane.

Kesho yake tuliitwa ofisi ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti, mtu mpole anayechukia ugomvi kwa sababu humchelewesha kwenye duka lake la vipuri, alituketisha kwenye benchi moja. Mwalimu akazungumza kwanza, kwa Kiswahili cha mpangilio, kwanza, pili, tatu. Mimi nikazungumza nikichanganya, nikapandisha sauti, nikasema kuhusu kufuli. Akina mama wakagawanyika. Mmoja akasema michezo inawafanya watoto wawe watoro, mwingine akasema tangu waanze kucheza mwanawe analala usiku mzima na kula sahani nzima. Mwingine, wa mkabala na kwangu, akasema pole pole kwamba kuna watu ambao kupenda kwao watoto si kwa kawaida. Niliinuka. Mwenyekiti akaniambia, "Keti, fundi."

Kisha bibi akasimama. Nilidhani atakuwa upande wangu, kwa sababu kufuli lilikuwa kosa la wazi. Nilikuwa nimeshajiandaa kumtazama mwalimu usoni.

"Huyu kamfungia mjukuu wangu kama kuku," akasema bibi, akimwonyesha mwalimu. "Na huyu," akanigeukia, "kasimama nje ya banda anamwita kuti kuti kuti. Wote wawili mlikuwa mnaoneshana nguvu. Nani kati yenu alikuja kwenye karai langu akaniuliza, bibi, mtoto afanye nini? Mliniona mkaanga bajia tu."

"Bibi, mimi nilikuwa..." akaanza mwalimu.

"Sijamaliza. Mtoto anaondoka. Anakwenda kwa mjomba wake Muheza, akapumzike na nyinyi. Akipona atasoma huko huko." Akachukua mtandio wake. "Na wewe fundi, hukumpenda. Ulitaka awe wako."

Akatoka. Mwenyekiti akatoa hukumu yake: geti lisifungwe kufuli, michezo isiwe chini ya ukuta, tuisheni iishe saa kumi na moja, na majirani wapatane. Hakuna aliyeridhika. Hakuna aliyepatana.

Mtoto aliondoka kwa basi la asubuhi, hogo limening'inia kwenye kitambaa. Kile kitambaa nilikishona mimi, nikampelekea bibi, akakipokea akarudi kwenye karai lake. Baada ya hapo nilikaa siku nyingi bila kutoka barazani. Watoto walicheza wenyewe, wakidanganyana, wakigombania chupa. Neno la bibi lilinikaa kama mfupa wa samaki. Nililipinga nikiwa peke yangu, nikikanyaga cherehani. Nilimjibu kwa hoja nzuri sana, na kila jioni nilishindwa upya. Hasira yangu yote nilimlimbikizia mwalimu, kwa sababu huwezi kumkasirikia bibi wa watu.

Ndipo mwalimu akaanzisha michezo yake.

Ndiyo. Alinunua filimbi. Saa kumi na moja, masomo yakiisha, aliwatoa watoto wa tuisheni, akawapanga mistari kwenye nusu ya kiwanja, nusu ya upande wake, akawaambia wanyanyue mikono, washushe mikono, waruke mara kumi, wazunguke mti wa mwarobaini. Filimbi ikilia, wanasimama. Wazazi walipita wakasema, aa, hii ndiyo michezo ya maana, ina utaratibu. Nilitema mate chini. Mwanamke aliyesema rede haimo kwenye mtihani, sasa anavuna nilipolima!

Lakini watoto hawana adabu ya kujifanya. Wiki ya pili mmoja wa wanafunzi wake, mvulana mwenye maneno mengi, alichoka kuzunguka mwarobaini. Akasema kwa sauti, "Mwalimu, hii tunafanya shuleni. Tunataka rede. Au wewe rede huwezi?"

Filimbi ilimtoka mwalimu mdomoni. "Nani amekwambia siwezi?"

"Fundi anaweza," akasema mvulana.

Mwalimu akanitazama. Nilikuwa barazani, sindano mdomoni. Nikatabasamu makusudi, polepole, ili aone meno.

Akavua viatu. Akavipanga pembeni kwa utaratibu, kisha akaifunga kanga juu ya gauni, akaukaza mtandio nyuma ya shingo. "Mimi ni mzaliwa wa Pangani," akasema, si kwa watoto. "Haya, fundi. Ingia kati."

Niliacha sindano kwenye kitambaa. Watoto wakatupisha. Yeye akasimama mwisho mmoja, yule mvulana mwisho mwingine, mimi kati na chupa yangu. Mpira ulikuwa ule ule wa vitambaa, lakini ulikuwa umeloa kwenye dimbwi, umekuwa mzito kama jiwe.

Alirusha. Nilijua tangu mpira wa kwanza kwamba nimekosea kumdharau. Hakurusha kama mwalimu. Alirusha chini, kwenye vifundo, ili niruke, na mvulana aupate nikiwa hewani. Niliruka. Nikachota mchanga, nikatia. Akarusha tena. Nilisikia pumzi yake, nilisikia yangu. Kila mpira aliourusha ulikuwa na jambo ndani yake: benchi tupu, kicheko cha watoto, jina la jela nililomtajia kwenye bajaji. Na mimi kila nilipokwepa nilikuwa namjibu. Watoto waliacha kushangilia, wakasogea nyuma kama watu wanaotazama nyoka.

Chupa ilikuwa karibu kujaa. Nikachutama kwa kiganja cha mwisho, na mpira ukanipiga usoni, kati ya jicho na pua. Niliona weupe. Nilipofungua macho, damu ilikuwa inadondoka kwenye mchanga.

Mwalimu hakusema pole. Alinyoosha kidole.

"Umetoka."

"Nimetoka," nikasema.

Nikajipangusa kwa pindo la gauni, nikachukua nafasi ya kurusha, yeye akaingia kati. Nilirusha kama mtu anayeua nyoka chumbani. Mwanamke mnene, magoti mabovu, nimemshonea nguo nayajua maumbile yake yote, na aliuponyoka ule mpira kama samaki. Mara moja nilimgusa pindo la kanga nikapiga kelele "Katoka!" na watoto wenyewe, watoto wangu, wakasema kanga si mwili. Akaijaza chupa. Akaiweka mbele ya miguu yangu, imejaa mpaka mdomoni, akavaa viatu, akaenda kwake.

Usiku pua ilivimba. Nilijikanda kwa maji ya moto nikimlaani. Lakini sikuwa nimelala vizuri namna ile tangu mtoto aende Muheza.

Ijumaa iliyofuata akarudi. Na Ijumaa nyingine. Hatukualikana. Yeye hutoka saa kumi na moja, huvua viatu, mimi huacha kazi, watoto hujigawa wenyewe nusu kwa nusu. Ninamshinda, ananishinda. Hatusalimiani. Tukikutana sokoni yeye huchagua upande wa nyanya, mimi huchagua upande wa samaki. Nguo zake anashonesha Barabara ya Kumi na Sita kwa mtu anayempindishia mishono, na mimi hufurahi kila nikiiona ile mishono. Lile neno aliloniita hajaliombea radhi, na mimi sijamsamehe. Sidhani nitamsamehe.

Likizo ya Desemba mtoto alirudi kumtembelea bibi yake. Nilisikia habari asubuhi, nikafagia baraza mara mbili. Hakuja kwangu. Alikwenda kwanza kwa mwalimu, akakaa kule muda mrefu, nikasikia wanafanya hesabu. Iliniuma vibaya, sitaficha. Alikuja jioni, mchezo umeshaanza, ilikuwa Ijumaa. Amerefuka. Mkono umepona lakini haukunyooka wote, kiwiko kimebaki na pindo dogo.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Mkono?"

"Umepona. Bibi amesema nisipande ukuta."

"Na kucheza?"

"Hakusema." Akamtazama mwalimu aliyekuwa ng'ambo na mpira, kisha akanitazama mimi. "Kwani mmepatana?"

"Hapana," nikasema, na mwalimu naye akasema kutoka kule kule, "Hapana."

Akaingia kati. Mwalimu akamrushia taratibu, mpira ukaviringika kama yai. Nikaupokea, na mimi nikaurusha taratibu, mbali na ule mkono. Tukaendelea hivyo. Mtoto akasimama wima, akaweka mikono kiunoni.

"Mnanifanya mgonjwa. Rusheni!"

Basi nikarusha, kweli kweli. Ukampata begani, akayumba, akapiga goti moja chini. Mwalimu akaja mbio kutoka upande wake, kanga inapepea, kidole kimeninyookea.

"Umemwumiza! Huna akili wewe? Hujui kwamba huyu ana mkono?"

"Ameomba mwenyewe! Ulitaka nimrushie pamba?"

"Ndiyo! Ndiyo, ungemrushia pamba!"

Na mtoto alikuwa ameshainuka, anajipangusa mchanga, anatuambia tutoke kwenye mistari, tunazuia mchezo.